Kuhesabu Samaki wa Mwambani: Habari ya Sifuri Moja

Wanachuo wengi watakaosoma makala haya watapangiwa shule zilizo mbali na bahari, na huenda wakauliza samaki wa mwambani wanawahusu nini. Tunawaomba wavumilie kidogo. Jambo tunalotaka kulieleza lilianzia pwani, lakini lilidhihirika katika darasa la nne la shule ya bara, mbele ya mikebe ya maharage, na kosa lenyewe lilikuwa letu.

Katika somo la mbinu za kufundisha sayansi tumezoea kuwatoa wanachuo nje wakachunguze na kuhesabu viumbe. Kuhesabu miti si kazi kubwa, maana mti hausogei. Safari ile tulitaka wahesabu kitu kinachokimbia, kinachojificha, na kisichojali kuwa mwalimu amefika. Tukachagua samaki. Wataalamu wa bahari wanayo njia ya kazi hiyo, ambayo V. E. Brock aliieleza mwaka 1954 baada ya kuitumia kule Hawaii, nayo kwa asili yake ni nyepesi. Kamba yenye urefu unaojulikana hulazwa chini ya maji, na mhesabuji huifuata polepole, akiandika kila samaki anayemwona katika upana uliokubaliwa. Siku hizi kamba ya meta 50 hutumika sana, pamoja na upana wa meta mbili na nusu kila upande, yaani eneo la meta za mraba 250. Samaki wakubwa na wepesi wa kukimbia huhesabiwa kwanza. Kisha mhesabuji hurudi kuwatafuta wadogo wakaao mashimoni. Samaki ajaye kutoka nyuma ya mhesabuji haandikwi, kwani huenda alikwisha kuandikwa.

Tulifika katika kijiji kimoja kusini ya Tanga siku za bamvua, tukiwa na miwani miwili ya kuzamia, kamba ya katani yenye fundo kila baada ya meta tano, na vibao vya plastiki tulivyovikwaruza kwa msasa ili vikubali penseli ndani ya maji. Hapana mwanachuo aliyeruhusiwa kupita maji ya kiuno, na kila mhesabuji alikuwa na mwenziwe wa kumwangalia. Siku ya kwanza hatukuhesabu samaki hata mmoja. Tulichonga samaki wa mbao wa vipimo mbalimbali, tukawafungia mawe na kuwazamisha, kisha wanachuo wakakisia urefu wao. Wa sentimeta 30 alikisiwa kuwa 40. Haikuwa ajabu: mwanga unapotoka majini na kuingia katika hewa iliyomo ndani ya miwani hupinda, na kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo kwa kadiri ya theluthi moja. Twamsihi mwalimu yeyote ajaribu zoezi hili, hata kama ni katika bwawa la kijiji. Mtoto aliyekwisha kuona jinsi jicho lake mwenyewe linavyomdanganya hahitaji hotuba ndefu juu ya faida ya rula.

Pono walitusumbua zaidi. Kila Mswahili anamjua pono kwa usingizi wake, lakini mchana samaki huyu hana usingizi hata kidogo. Hukwangua mwamba kutwa nzima kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na mawe anayoyameza hutoka kuwa mchanga. Tena aina nyingi za pono huanza maisha wakiwa majike wenye rangi ya kahawia au kijivu, kisha baadhi yao hugeuka kuwa madume wa buluu na kijani. Mwanachuo asiyelijua hili huandika aina mbili mahali palipo na moja.

Basi siku ya pili tukahesabu. Sisi tulikaa ngalawani pamoja na nahodha, mzee wa kijiji hicho, tukiwa na saa mkononi na karatasi ya kujazia tuliyoichora wenyewe. Zamu ya kwanza, saa nne, ilikuwa ya mwanachuo mmoja wa kike aliyekulia bara, ambaye siku mbili kabla alikuwa hajapata kuuzamisha uso wake katika maji ya chumvi. Alipotoka, mkanda wa miwani ukakatika, tukapumzika kwa chai na mihogo, na karibu saa nzima ikapita. Zamu tatu zilizobaki zilianza saa tano. Jioni tulipolinganisha vibao, hao watatu walikuwa na pono 6, 8 na 7. Yeye alikuwa na sifuri.

Tulimwuliza mbele ya wenzake alikuwa akitazama wapi. Wenzake wakacheka. Akajibu kwa sauti ndogo, “Sikuwaona, Mwalimu.” Mwenziwe aliyekuwa akimwangalia alinyamaza. Tukamwambia afute, aandike saba, ili jedwali lipatane. Akafuta. Alama tulizompa zilikuwa za chini kuliko za wote.

Miezi miwili baadaye tulikwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilikuwa kuota kwa mbegu, nalo lilitayarishwa vizuri: kila mtoto alikuwa na mkebe wake wa maharage matano, akahesabu yaliyoota na kuandika daftarini. Mtoto mmoja aliandika 0. Mwanachuo alisimama juu yake na kusema, “Futa. Wenzako wamepata nne. Andika nne.” Mtoto aliutazama mkebe, akamtazama mwalimu, akafuta kwa kidole alichokilowesha mate.

Tuliandika jambo hilo kwa wino mwekundu. Baada ya kipindi tulimweleza kwa maneno makali kwamba mwalimu wa sayansi hawezi kumwamuru mtoto akane alichokiona. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, “Samahani, Mwalimu. Nilifanya kama ulivyonielekeza kule pwani.” Hatukuwa na jibu.

Mazoezi yalipokwisha tulirudi pwani peke yetu, tena siku ya bamvua, tukamwamkia yule mzee na kumsimulia kisa chote. Alishangaa. “Mbona siku ile hukuniuliza, mwalimu? Nami nilikuwa hapo hapo. Maji makavu pono hayuko hapa, yuko huko nje kwenye kina. Maji yakipanda naye hupanda, anakuja kula.” Saa nne, maji yakiwa yamekupwa kabisa, tukavaa miwani na kuingia wenyewe, lililokuwa jambo la kwanza kufanywa tukalifanya mwisho. Tuliona vitatange na samaki wengine wadogo wengi. Pono hakuwapo hata mmoja. Maji yalipotufika kiunoni tulianza kusikia mkwaruzo wa meno mwambani kabla ya kuwaona wenyewe.

Sifuri ile ilikuwa kweli, na saba zetu zilikuwa kweli. Karatasi yetu ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa sababu haikuwa na nafasi ya kuandika saa wala hali ya maji, ingawa saa tulikuwa nayo mkononi.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wavuvi tu. Katika pwani ya Kenya, hesabu za namna hii zilisaidia kuonyesha kwamba kikande wakivuliwa kupita kiasi, wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu, ambao kikande huwala, huongezeka na kuuharibu mwamba. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa, na hasara ile iliweza kupimwa mahali ambapo watu walikuwa wamehesabu kabla. Mahali palipokufa matumbawe, huenda mahesabu ya baadaye yalikuwa na sifuri. Lau mkufunzi kama sisi angalikaa ngalawani akazifuta ili jedwali lipatane, ni nani angalijua?

Tulimrudishia mwanachuo alama zake mbele ya darasa lile lile lililomcheka. Karatasi yetu sasa ina safu ya saa na safu ya maji, na chuoni kwetu ufutio hauruhusiwi katika kazi za nje; aliyekosea hupiga mstari mmoja juu ya tarakimu, nayo hubaki ikisomeka.

Ama yule mtoto wa darasa la nne, mwanachuo hakutungoja. Kesho yake asubuhi alimwita, wakaufukua mkebe pamoja. Maharage yote matano yalikuwamo, yameoza. Mikebe ya wenzake ilikuwa imetobolewa chini. Wa kwake haukuwa na tundu.