Ramisi Ilipokuwa na Umeme Wake

Mpwa wangu ana studio Ukunda. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, kimebandikwa magodoro ukutani kuzuia kelele za nje, na ndani mna kompyuta, maikrofoni moja na spika mbili. Vijana wa Diani, Mwabungu na Msambweni huja kwake kurekodi. Juzi aliniwekea wimbo aliokuwa akiumalizia, na katikati ya wimbo nikasikia zumari. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamuuliza nani aliyeipuliza.

"Hakuna mtu, Mjomba. Nimeitoa mtandaoni."

Aliyeipandisha huko ameiita filimbi ya Kiafrika. Nikamweleza kwamba hiyo ni zumari, chombo cha ngoma ya sengenya, na kwamba mimi nimekua nikiisikia ikishindana na spika za harusi kule Ramisi. Kijana akanitazama.

"Ramisi? Kwani Ramisi kulikuwa na nini?"

Hakukusudia dharau. Umri wake ni miaka ishirini na kitu, na kwake yeye Ramisi ni daraja na vibanda vichache ambapo matatu ya Lunga Lunga hupunguza mwendo. Lakini swali lilinichoma, na nimeona afadhali nimjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hunikatiza.

Ramisi kulikuwa na mji. Vitabu vinasema kiwanda cha sukari kilianza 1927, miaka michache baada ya kile cha Miwani. Wazee wa Bodo walihesabu kwa njaa na kwa mvua kubwa, na hesabu zao hazikuafikiana na vitabu, wala hawakuafikiana wao kwa wao. Mimi nilipopata akili, kiwanda kilikuwepo na kilinuka, na hilo ndilo ninaloweza kulitolea ushahidi.

Harufu yake ilikuwa ya molasi. Utamu ulioungua, mzito, wenye uchachu ndani yake. Upepo ukigeuka ukileta na matope ya mikoko kutoka mtoni, mgeni aliziba pua, nasi tukamshangaa. Miwa ilichomwa shambani kabla ya kukatwa, na majivu meusi yalisafiri mbali. Mama zetu wakiona moshi unapanda upande wa Kanana walikimbilia kamba za nguo. Nguo nyeupe ya Ijumaa ilianikwa kwa kuviziwa. King'ora cha kubadilisha zamu ndicho kilichokuwa saa ya kila mtu, hata wavuvi wasiokuwa na kazi yoyote kiwandani.

Marehemu babangu alikuwa kwenye boila. Makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa yalirudishwa tanuruni, yakachemsha maji, na mvuke uliosukuma mashine ndio uliozalisha na umeme. Vijiji vya jirani vilikuwa gizani na koroboi zao, na sisi usiku tulikuwa na taa zilizotokana na miwa ileile iliyotupa shule na viatu. Umeme huo ulizifikia ofisi, nyumba za wakubwa, maduka, na landhi chache za wafanyakazi. Ulifika pia, kwa waya mmoja uliovutwa juu ya paa la mabati, kwenye kibanda cha Fundi.

Jina lake nalijua lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi tu. Alitoka Tanga, alijifunza redio akiwa melini, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa duka la Mhindi pale mishahara ilipokuwa ikitumiwa. Ukiingia uliipata harufu ya pili ya utoto wangu, ile ya risasi inayoyeyuka na utomvu unaofuka moshi. Redio za National na Philips zilikaa rafuni zikiwa wazi, matumbo nje, kila moja imeandikwa kwa chaki: mpishi, karani, Makonde wa juu, mama wa maandazi. Alikuwa na bisibisi yenye mpini wa kaharabu aliyogusia sehemu moja baada ya nyingine huku kichwa kimeinama, akisikiliza mlio unavyobadilika. Akishika pale penye ugonjwa alisema "haya" kwa sauti ndogo, asimwambie mtu.

Sharti lake lilikuwa moja: mwenye redio alitakiwa kukaa na kutazama ikifunguliwa. Hata mwanamke mwenye mtoto mgongoni alivutiwa kigoda. Fundi aliamini kwamba mtu asiyejua ndani ya chombo chake mna nini ataibiwa, na kwa imani hiyo alifundisha nusu ya Ramisi. Tulijua sumaku ya spika iko wapi na kwa nini karatasi yake ikichanika besi hukwaruza. Baada ya kutengeneza hakukupa redio mpaka muusikilize wimbo mmoja mzima, na stesheni alichagua yeye: Zanzibar, au Dar es Salaam, au Mombasa, kutegemea hewa ya siku hiyo. Ramisi iko kati ya Mombasa na Tanga, na jioni tulinasa muziki wa kote kuwili. Kutoka Tanga tuliwasikia Black Star na Lucky Star, waliotia gitaa la umeme ndani ya taarab wakati wengine bado wakiona ni utovu wa adabu. Kutoka Mombasa tulimsikia Juma Bhalo na tuni zake za filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin na udi wake. Ubishi wa nani zaidi ulifanyika pale kibandani, ukiingiliwa na moshi wa risasi.

Sasa taishokoto, ambayo mpwa wangu huisikia katika kanda zangu na kudhani ni kinanda kibovu. Ni sanduku refu jembamba lenye nyuzi, na juu ya nyuzi pana vitufe kama vya taipureta. Mkono mmoja unabonyeza, mwingine unachapa nyuzi. Mjapani mmoja wa Nagoya, Goro Morita, ndiye aliyekibuni chombo hiki mwaka 1912, akikusudia watu wa kawaida waweze kupiga muziki nyumbani bila kusomea. Kikapita India, kikafika kwetu. Pale Mombasa kikatoka majumbani kikapewa umeme, na ndicho kinachochoma masikio katika nyimbo za Zuhura Swaleh, kikijibizana na mwimbaji na mdundo wa chakacha chini yake. Mjapani alikusudia sauti ya sebuleni. Sisi tulitaka sauti itakayovuka ua wa harusi, imfikie jirani asiyealikwa.

Kikundi chetu cha Ramisi hakikuwa na rekodi wala jina linalofaa kuandikwa. Walikuwa makarani wawili, dereva wa trekta, na mwanamke mmoja kutoka Shirazi mwenye koo la ajabu. Taishokoto yao ilikuja bila umeme. Fundi aliitia umeme kwa sumaku na waya mwembamba alioutoa katika kisikilizio cha simu iliyotupwa na ofisi, akaifunga chini ya nyuzi, akaipeleka kwenye amplifaya aliyoiunda mwenyewe. Ilikwaruza. Wapigaji wakapenda ule mkwaruzo, wakamkataza asiutoe.

Maboksi ya spika yalichongwa na Mmakonde. Wamakonde walitoka Msumbiji wakaja kukata miwa na mkonge, na Ramisi ilikuwa nao wengi. Jumamosi usiku ngoma zao za sindimba zilitushinda wote kwa kelele. Huyu mzee aliishi upande wa Makongeni na alizoea kuchonga mpingo kwa ajili ya watalii wa Diani. Fundi alimwomba maboksi mawili ya mbao za kawaida, ya mraba, basi. Mzee akaleta maboksi ambayo kila pembe ilibebwa na mtu aliyepindika, mdomo wazi, mashavu yamevimba, wote wanapuliza. Fundi alilalamika kwamba mbao zimekuwa nzito mno kwa baiskeli. Mzee akamjibu kwamba sauti hiyo haiwezi kutoka kwenye sanduku lisilo na midomo. Nimeona makumbusho na maonyesho ya sanaa tangu siku hizo, Mombasa na Nairobi, na sijaona kitu nilichotaka kukigusa kama maboksi yale.

Kulikuwa na harusi moja, miaka ya sabini, ya binti wa nyapara Mdigo. Upande wa mama ulileta taarab, upande wa mjomba ukaleta sengenya, na hakuna aliyekubali kutangulia. Sengenya ina ngoma zake, chapuo na vumi miongoni mwazo, ina upatu, na juu ya vyote hivyo zumari, ambayo mpulizaji hujaza hewa mashavuni asikate pumzi. Zumari haihitaji umeme. Ikipulizwa karibu na maikrofoni, spika hulia kama zinachanika. Usiku ule ilianza hivyo, pande mbili zikipigana, wanawake wakiziba masikio, mpaka Fundi akaingia katikati ya ua. Ile maikrofoni yake moja akampa mwimbaji. Taishokoto akaipunguza. Mpuliza zumari akamshika mkono, akampeleka nyuma kabisa, karibu na ukuta wa jiko, akamwambia apulize akiuelekea ukuta. Ngoma akaziacha zilipo.

Na ikakaa. Zumari ilirudi kutoka ukutani ikiwa imelainika, taishokoto ikaidaka tuni yake, yule mwanamke wa Shirazi akatunga papo hapo beti za kumsifu bibi harusi kwa Kidigo juu ya mdundo ambao haukuwa sengenya wala taarab. Watu walitunza noti mpaka alfajiri. Nimewasikia wataalamu wakieleza jinsi muziki wa mijini ulivyozaliwa Afrika Mashariki, wakitaja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo Ramisi, na fundi wa redio ndiye aliyekuwa kiongozi wa okestra.

Alirekodi pia. Kaseti ya TDK, kinasa sauti kimewekwa juu ya pipa. Zama hizo pwani nzima ilisikiliza hivyo: nyimbo zilirekodiwa harusini, na maduka ya Mombasa yakanakili kanda na kuziuza, na nakala ikazaa nakala. Kanda ya harusi ile ilifika Vanga na, nasikia, Pemba. Ndani yake mna vigelegele, mtoto analia, mtu anaita chai, na mwisho wa upande wa pili king'ora cha zamu ya asubuhi.

Kiwanda kilifungwa 1988. Sababu zimesemwa sana, na wanaozijua hawazihitaji kutoka kwangu. Boila zilipopoa, taa zilikwenda nazo. Wajaluo na Waluhya wengi waliokuja kwa kazi ya kiwanda walirudi kwao, wengine wakabaki kwa kuwa hawakuwa na kwao kwingine. Fundi alihamia Ukunda, akapata kazi ya kutengeneza televisheni, akafa kabla ya kuwa mzee. Maboksi sijui yaliishia kwa nani. Nimeuliza mpaka watu wananikwepa. Mzee Mmakonde alifariki bila kitambulisho cha nchi aliyoikatia miwa ujana wake wote. Mwaka 2016 wenzake walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho, yeye alikuwa kaburini.

Vilivyofuata vilipita mbio. Vibanda vya video, kisha CD, kisha Pwani FM hewani, kisha kijana wa kibanda cha simu anakujazia nyimbo kwenye kadi ndogo kuliko kucha kwa bei ya kikombe cha chai. Kiwanda kipya cha sukari kilikuja, miwa ikarudi shambani, lakini ule mji haukurudi pamoja nayo. Hoteli za Diani huita sengenya ichezwe wageni wakila, dakika chache, kabla ya kitindamlo, na nimewaona wapigaji wakiambiwa wapunguze.

Kinachoniudhi si kompyuta. Fundi angeipenda kuliko mtu yeyote. Kinachoniudhi ni kwamba vyombo vinatufikia vikiwa vimegandishwa kwa gundi, sauti zetu wenyewe zinatufikia zikiwa zimepewa majina na watu wasiozijua, nasi tunapokea vyote viwili bila kuvifungua. Nilipeleka redio kaseti yangu kwa fundi wa simu Ukunda, kwa kuwa mkanda wa mpira umeoza. Aliigeuza mara moja akaniambia ninunue mpya. Ipi mpya? Wapi?

Hatimaye mpwa wangu alipata mpira wa kufaa, akauweka mwenyewe baada ya mimi kumlazimisha aifungue redio mbele yangu. Tukasikiliza kanda ya harusi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema ana programu inayoweza kuondoa kelele zote, abaki mwimbaji na taishokoto peke yao, safi. Nilikataa kumpa kanda. Nilimwambia atainakili nzima, pamoja na mtoto anayelia, pamoja na king'ora, kwa kuwa king'ora kile ni babangu anatoka kazini. Tulibishana siku nzima. Amekubali kuhifadhi nakala moja nzima kabla ya kugusa chochote, na hilo nimeliridhia.

Pia nimemkataza ile filimbi ya mtandaoni. Kuna mpuliza zumari upande wa Msambweni ambaye bado ana pumzi, na wiki hii alikwenda studio. Kijana akanipigia simu kulalamika: sauti inapasuka, kila akipunguza bado inapasuka. Nikamwambia amweke mpulizaji mbali na maikrofoni, auelekee ukuta. Akasema chumba hakina nafasi hiyo, na magodoro yamemeza kuta zote. Nikamwambia basi watoke nje, warekodie uwani.

"Nje kuna pikipiki, Mjomba."

Nikamwambia ziache zisikike.