Ndege Chozi wa Milima ya Usambara

Mtu atokaye Muheza kwenda Amani, katika nchi ya Tanga, hupita kwanza katika mashamba ya michungwa, kisha hufika Sigi, palipokuwapo stesheni ya reli zamani za Wadachi. Hapo mlima huanza, na msitu hufunga njia kuume na kushoto. Njia hiyo tuliipanda ili kuwatazama ndege wadogo waitwao chozi.

Ukoo wa chozi ni mkubwa. Duniani wako zaidi ya namna 140. Mdomo wao ni mwembamba, umepinda, na ulimi ni kama mrija wa kunywea mbochi wa maua. Wanapokunywa, unga wa ua huwashika kichwani, nao huupeleka ua jingine, likapata kuzaa. Mng'ao wa dume hautoki katika rangi peke yake, bali katika umbo la unyoya livunjalo nuru. Kwa hiyo akiingia kivulini huonekana mweusi. Jike hufuma kiota kama mfuko uning'iniao, akikikaza kwa utando wa buibui.

Lakini hawakai wote mahali pamoja. Chini mashambani tulimwona mwenye kifua chekundu, ambaye hata uani kwa watu huja. Msituni tulimsikia chozi wa rangi ya zeituni, asiyeng'aa kabisa. Juu katika vilele vya miti mirefu hukaa chozi aitwaye kwa jina la Amani, mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe. Huyu haonekani ila katika misitu michache ya Tanzania, na Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya. Tena milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, ina chozi wake asiyepatikana penginepo po pote. Na yule wa Udzungwa, wataalamu hawakumjua hata mwaka 1981.

Basi, tufikiri. Chozi wa uani akikatiwa mti mmoja, huhamia mwingine. Wa Uluguru akikatiwa msitu wake, atahamia wapi? Msitu wa Amani uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1997, wala faida yake si ya ndege tu, maana maji ya mto Sigi ndiyo yanywewayo mjini Tanga.

Enyi walimu, watoeni watoto nje asubuhi, wahesabu ni namna ngapi za chozi zijazo katika maua ya shule. Mtoto amjuaye ndege kwa jina lake hatakuwa mwepesi wa kumtupia jiwe.