Bei ya Kulea Mtoto wa Mwenzio

Brooklyn Park, Minnesota

Mdogo wangu,

 

Umeniuliza kama ushushe bei, kwa sababu jirani yako hapo Mwembe, Kisii, amefungua mlango wake na anapokea watoto kwa shilingi 50 kwa siku, nawe unatoza 100. Umesema baadhi ya akina mama wamekwisha kukuhama, na waliobaki wameanza kukuuliza maswali. Jibu langu ni hapana, usishushe. Nalisema hili nikiwa katika hali ile ile yako. Huku nako nalea watoto wa watu sebuleni mwangu, na nayajua maumivu ya kumwona mama akimvalisha mwanawe koti, akinishukuru kwa moyo wote, halafu Jumatatu asitokee kwa kuwa amepata mahali pa nusu ya bei yangu. Barua hii ni yako, lakini naitoa isomwe na wengine, maana najua wanawake wa Keroka, Ogembo, Suneka na Nyamira mjini wanalitafakari swali hilo hilo.

Unajua watu wetu walivyo wengi huku. Ukiingia kanisani Jumamosi hapa Brooklyn Park au Brooklyn Center, utadhani uko Nyanchwa kwetu Kisii. Na wengi wetu tumeshika kazi ya kutunza watu: nyumba za wazee, hospitali, nyumba za walio na ulemavu. Kazi hiyo haina usiku wala sikukuu. Shifti ya kwanza huanza saa kumi na mbili unusu asubuhi, ya pili saa nane unusu mchana, ya tatu saa nne unusu usiku. Mume na mke hupishana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, na mara nyingi saa zao hazikutani sawasawa. Mtoto anabaki hapo katikati. Nyumbani angeachiwa magokoro, yaani bibi yake. Huku magokoro yuko mbali kwa safari ya ndege mbili au tatu, na hata akipata viza ya kutembelea, kwa kawaida anapewa miezi sita tu kisha anarudi.

Ndipo tunapoingia sisi wenye vituo vya nyumbani. Leseni yangu hutolewa na jimbo kupitia kaunti ya Hennepin, na inataja idadi kwa ukali. Watoto wote wasizidi 10. Kati yao, wasiofika umri wa shule wasizidi 6. Kati ya hao 6, walio chini ya miaka miwili wasizidi 3, na vichanga wasiotimiza mwaka wasizidi 2. Yeyote anayeishi nyumbani mwangu aliyefika miaka 13 huchunguzwa rekodi zake. Kila mwaka nasoma mafunzo kwa saa zilizowekwa, na vitanda vya vichanga navikagua kila mwezi. Kichanga lazima alazwe chali, pasipo mto, pasipo blanketi, pasipo mdoli kando yake. Akina mama wetu wanaofika karibuni hushtuka wakiona hivyo, theluji ikiwa imefika magotini. Nawaeleza kwamba Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Baada ya hapo wananunua ile nguo ya kulalia iliyoshonwa mfano wa gunia dogo, mtoto anapata joto na uso wake unabaki wazi.

Sheria ya hapa inaruhusu pia mtu asiye na leseni kulea watoto wa ndugu zake, pamoja na watoto wa familia moja isiyo ya ukoo wake. Hilo ni jambo jema na sina ugomvi nalo. Shida ni pale familia moja inapokuwa mbili, kisha nne, kwa siri, kwa pesa taslimu. Bei ya walezi hao wa siri ni dola 100 kwa mtoto kwa wiki. Mimi natoza 200 kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili na 170 kwa aliyezidi hapo.

Sikiliza hesabu yangu, maana hapo ndipo nilipoelewa jambo lenyewe. Kwa kawaida nafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, siku tano, jumla saa 55. Nikijaza nafasi zangu zote sita za watoto wadogo, napata dola 1,110 kwa wiki, yaani kama dola 20 kwa saa. Kutoka hapo nalipa chakula, bima, umeme na gesi ya kupasha nyumba joto majira ya baridi, vitu vya kuchezea, sabuni, na kodi ya mapato. Nikiugua, hakuna anayenilipa. Yule anayelea watoto wanne kwa dola 100 kila mmoja, kwa saa zile zile 55, anapata dola 7 na senti kidogo kwa saa kabla ya kununua hata pakiti moja ya maziwa. Kima cha chini cha mshahara hapa Minnesota mwaka 2025 kilikuwa dola 11.13 kwa saa. Msichana anayekaanga viazi dukani anamshinda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nilipoacha hasira nikamtazama mpinzani wangu vizuri, nikaona ni nani. Ni mwanamke aliyefika juzi, kibali chake cha kazi bado hakijatoka. Ni shangazi wa mtu, hajui Kiingereza cha ofisini, anaishi chumba cha chini katika nyumba ya jamaa na anaona aibu kula bure. Ni mjane aliyemaliza akiba yake kwa nauli. Hawa hawakukaa chini kupanga namna ya kutuvunja biashara. Wanauza kitu pekee walicho nacho, nacho ni mikono yao, na anayenunua anajua kwamba hawawezi kukataa bei. Mimi nasema wazi: mwajiri wa namna hiyo, hata akiwa ndugu yetu wa kanisani, anamdhulumu mwanamke mwenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetoka shifti ya muda wa saa nane ya kuwageuza wazee kitandani anajua uchovu wake vyema, lakini akimkuta mlezi amekaa na mtoto mapajani anadhani hakufanya kazi siku nzima.

Hata hivyo sitaki nikufiche hali halisi: wako wateja waliokwenda kwa bei ya chini wasirudi, na watoto wao wanaendelea vizuri. Mlezi asiye na leseni anaweza kuwa na moyo mwema kuliko mimi. Mama anayelipa kodi ya nyumba, mkopo wa gari na kutuma karo Kisii hawezi kulaumiwa kwa kutafuta nafuu. Ninachopinga ni idadi. Moyo ukiwa mwema kiasi gani, mwanamke mmoja hawezi kuwatoa vichanga wanne nje nyumba ikishika moto. Ana mikono miwili.

Sasa turudi Mwembe. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu yako na ya jirani yako kwa yale uliyonieleza. Wewe una watoto 7 kwa shilingi 100, unapata 700 kwa siku. Yeye ana 15 kwa shilingi 50, anapata 750. Umeona? Mwisho wa siku mnashika karibu pesa sawa. Nafuu yake haikutoka kwenye akili ya biashara wala kwenye uji wa bei ya chini. Imetoka kwa watoto, kila mmoja amekatwa nusu ya mlezi wake. Ukishusha hadi 50 ukabaki na saba wako, utapata 350, na hizo hazitoshi makaa, maziwa, maji na kodi ya chumba. Utalazimika kutafuta saba wengine. Hapo utakuwa umekuwa yeye, na atakayekuja baada yenu atatoza 30.

Ndiyo maana nakuambia ushindani huu hauamuliwi kwenye bei. Unaamuliwa kwenye idadi ya watoto kwa kila mlezi. Idadi ikiwekwa, bei inapata sakafu yake yenyewe bila mtu kuilazimisha. Huku sisi wenye leseni hatujakaa kikao cha kukubaliana bei, lakini hakuna aliye chini sana ya mwenzake, kwa sababu sote tumewekewa idadi.

Watu wa rika la mama watakuambia kwamba sisi Abagusii hatukuwahi kulipia ulezi. Ni kweli, na sababu yake inajulikana. Watafiti Robert LeVine na mkewe wa wakati huo, Barbara, walikuja kwetu miaka ya 1950 kuchunguza jinsi tunavyolea, na kitabu chao kuhusu jamii ya Nyansongo kikatoka mwaka 1966. LeVine alirudi miaka ya 1970 na wenzake, akiwemo daktari wa watoto T. Berry Brazelton, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1994. Walichokiona ni kile ambacho bibi zetu wangewaeleza: mama yuko shambani, mtoto yuko mgongoni mwa omoreri, msichana mdogo ambaye mara nyingi ni dada yake, na mama hayuko mbali kiasi cha kutosikia kilio. Ulezi ule ulikuwa na gharama. Aliyeilipa ni yule msichana, kwa masomo yake.

Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ilipofungua shule za msingi bila karo, omoreri alikwenda darasani, na hapo ndipo panapomfaa. Mashamba nayo yamekatwakatwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Mama kijana hana shamba la kulima mtoto akiwa kivulini, amepanga chumba mjini na anauza ndizi na maparachichi katika soko la Daraja Mbili. Mwenzake wa Kebirigo anaamkia majani chai. Muuguzi wa hospitali kuu ya Kisii ana shifti ya usiku kama walivyo wateja wangu. Shule ya chekechea ya kaunti inampokea mtoto akifika miaka minne hivi. Kuanzia likizo ya uzazi inapokwisha, kwa aliyebahatika kuipata, hadi miaka minne, mtoto huyo ni wako wewe na jirani yako.

Na hapa nina neno kwa waheshimiwa wa mabunge ya kaunti, Kisii na Nyamira. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, inapoorodhesha kazi za kaunti inataja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na papo hapo, katika mstari huo huo, vituo vya kulea watoto. Madarasa ya chekechea tumeyaona yakijengwa na walimu wakiajiriwa. Kile kipande cha mwisho cha mstari nacho ni kazi yenu. Sitaki mkimbilie kufunga vyumba vya akina mama na kuwatoza faini. Huku Minnesota idadi ya vituo vya nyumbani imepungua kwa maelfu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na masharti mazito juu ya mapato madogo ni mojawapo ya sababu. Sharti bila msaada hufukuza walio waaminifu na kuwaacha wanaojificha. Ada ya leseni iwe ndogo, mafunzo yafanyike jioni na karibu na soko, na sharti la kwanza liwe moja tu: watoto wangapi kwa mlezi mmoja. Kisha aliyekubali kuhesabiwa apewe kitu ambacho aliyejificha hapati. Sisi wenye leseni, kwa mfano, tuna mpango wa serikali kuu unaoturudishia sehemu ya gharama ya chakula, hadi milo miwili na kitafunio kimoja kwa kila mtoto kwa siku. Unga wa wimbi na maziwa kutoka kaunti yangewaleta walezi wengi ofisini kwa hiari yao.

Wewe usikae kusubiri hayo. Mimi sikushinda kwa kushusha bei, nilibadilisha saa. Niligundua kwamba wateja wangu wa shifti ya pili walihitaji mtu hadi jioni sana, basi siku mbili kwa wiki nikafunga kwa kuchelewa, nao wakabaki. Siku ya soko fungua alfajiri, kabla lori la ndizi halijafika. Mwenye biashara ya kila siku alipe kila siku kwa simu, usimdai ya mwezi mzima. Mwenye kuhitaji nusu siku mpe bei ya nusu siku. Mwambie kila mama idadi ya watoto ulio nao leo, na mruhusu aingie ahesabu mwenyewe saa yoyote.

Mmoja wa wanawake waliokuwa wakinichukulia wateja hapa, nilikwenda kumwona kibali chake kilipotoka. Tulijaza fomu za leseni pamoja mezani kwake. Leo ana nafasi zake sita, bei yake imekaribia yangu, na mmoja wetu akijaa humtumia mwenzake mtoto anayekuja. Hilo limenipa wateja wengi kuliko lawama zote nilizozisema kabla yake.

Kwa hiyo mtembelee jirani yako wiki hii, na usiende kugombana. Mwonyeshe hesabu ile ya 700 na 750. Kubalianeni idadi ambayo kila mmoja hataizidi, hata mkianza na 8 kwa mlezi, na mtoto wa tisa apelekwe kwa mwenzake. Kisha nendeni nyote wawili kwa mwakilishi wa wadi yenu, mkiwa na Katiba mkononi, mumwombe aeleze kaunti imetenga pesa ngapi mwaka huu kwa vituo vya kulea watoto. Akijibu, niandikie jibu lake.

Dada yako