Tope la Makupa na Dawa za Nyumbani Mwetu



Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri, tulivuka daraja jipya la Makupa pamoja na watoto, tukasimama upande wa Kibarani. Wenye umri wetu walipajua mahali hapa kwa harufu kabla ya macho: kwa miaka mingi palikuwa jaa la mji mzima, hadi lilipofungwa mwaka 2018. Daraja nalo, lililofunguliwa mwaka 2022, limechukua nafasi ya barabara ya kifusi iliyoziba mkondo, na sasa maji hupwa na kujaa kwa uhuru. Alhamdulillahi.

Lakini tope halisahau. Watafiti waliolipima miaka ya nyuma walikuta ndani yake shaba, zinki, risasi na kadimi, mengi kuliko katika tope la Port Reitz jirani. Madini hayo hayaozi.

Bakteria aishiye katika sumu ya madini hana budi kujikinga. Wako wenye pampu ndogo ya kuisukuma sumu nje, na pampu hiyo hiyo yaweza kuitema dawa ya antibiotiki. Wako wabebao kinga ya madini na kinga ya dawa pamoja katika chembe zao za urithi, mithili ya funguo mbili katika pete moja: aushikaye mmoja ameupata na wa pili. Pete hiyo huweza kupewa jirani, hata asiye wa jamii yake. Ndiyo maana usugu hudumu hata pasipomwagwa dawa. Maji taka yakiingia, huleta vijidudu vya matumbo yetu na mabaki ya dawa tulizomeza, vyote vikakutana hapo.

Si jambo dogo. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria uliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Mtoto wa mwenzetu mmoja alikatwa mguu na chaza akioga baharini. Dawa ya kwanza haikufaa, wala ya pili, hadi alipolazwa akachomwa sindano. Hatuwezi kuapa kwamba aliyapata hayo majini. Lakini usiku ule mama yake hakulala, nasi hatukulala.

Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa hilo limekatazwa, betri kuukuu na vidonge tuvitupavyo mtaroni tutavijibia nini? Basi tusinunue antibiotiki bila daktari, tusigawiane mabaki, tusiyamwage chooni bali tumrudishie mfamasia; na mwenye jeraha asiingie maji machafu.

Jua lilipokuchwa tuliwaita vijana waliokuwa wakipiga mbizi, tukaswali Maghrib msikiti wa karibu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwaachia watoto wetu maji safi na dawa zinazoponya. Amin.