KABLA HUJAPINGA MSWADA WA TALAKA



Wengi mmeniuliza, "Pasta, unasemaje kuhusu hii mambo ya kurahisisha talaka?" Mmesikia pendekezo la Mheshimiwa Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini, kwamba mume na mke wakikubaliana kuachana, mahakama iwaruhusu. Kwa sisi tuliofunga ndoa ya Kikristo, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, uovu uliokithiri, au ndoa iliyovunjika isiweze kurekebishwa.

Mimi huhubiri Malaki 2:16. Mungu anachukia kuachana, na sitabadilisha mahubiri hayo. Pia naogopa hasira ya wiki moja isije ikabomoa boma la miaka ishirini. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi.

Miaka iliyopita dada mmoja wa hapa Myanga alibisha kwangu usiku, mtoto mgongoni, jicho limevimba. Nilimwombea, nikamwambia arudi avumilie, Mungu atambadilisha mzee wake. Akarudi. Akaja tena, nikamrudisha tena. Mara ya tatu hakuja kwangu. Alipitia hospitalini, kisha akaenda kwao.

Mpendwa, yule mume sikumwita hata siku moja. Jumapili alikuwa anaketi mbele, anatoa sadaka, nami namsalimia kwa mkono. Nilikuwa nimeshika nusu ya Malaki 2:16. Nusu ya pili ya aya hiyo inakemea udhalimu. Nilimwomba dada yule msamaha baadaye, lakini msamaha haurudishi jino.

Sasa fikiria. Hata hiyo talaka ya makubaliano isingemsaidia, kwa maana anayepiga hakubali kuachwa. Yeye alihitaji mchungaji wa kumlinda na wazee wa kumkabili mume.

Na ujue, sheria hiyohiyo, kifungu cha 64, inasema wanandoa Wakristo wanaweza kutafuta upatanisho katika kanisa walimofungia ndoa. Serikali imetuachia kiti. Je, nani amekikalia? Tuna kamati ya harusi, kamati ya mazishi, kamati ya ujenzi. Kamati ya ndoa iko wapi? Watu wakifika mahakamani Bungoma, mara nyingi sisi tumeshakosa kazi yetu zamani.

Kwa hivyo, kabla hujapinga mswada, fanya mambo mawili wiki hii. Kama kuna nyumba unayojua ina moto, nenda ukaketi nao, na usimsikilize mmoja tu. Na kama wewe ndiwe unayepigwa, usikae hapo ukingoja ushuhuda. Toka kwanza uwe salama, uripoti, halafu tuombe. Kutafuta usalama si kukosa imani.

Na wewe ndugu unayepiga mkeo halafu unainua mikono kwa sifa: nipigie simu kabla ya Jumapili. Safari hii nitakuuliza.

Bwana aponye ndoa zetu, na atusamehe sisi wachungaji tulionyamaza.