Sherehe ya Filamu

Neno "sherehe" katika lugha yetu lina maana mbili. Wengi wanaijua ile ya furaha, yaani arusi, ngoma na vifijo. Wanafunzi wa ushairi wanaijua pia ile ya pili: maelezo yanayotiwa mwishoni mwa diwani ili kufafanua maneno magumu na mambo yaliyofichika. Makala hii inahusu sherehe ya namna hii ya pili, ila si ya shairi bali ya filamu. Nayo haiandikwi kwa wino. Hutamkwa kwa mdomo huku mtazamaji akiiona picha yenyewe.

Huenda msomaji ameipita katika diski ya filamu bila ya kuitambua. Diski nyingine huwa na sauti mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya wachezaji. Ya pili ni ya mwongozaji, au mpiga picha, au mtaalamu, anayezungumza tangu mwanzo hadi mwisho akieleza jinsi kila tendo lilivyopatikana. Jambo hili lilianza Marekani mwaka 1984, kampuni ya Criterion ilipotoa King Kong, filamu ya mwaka 1933, katika santuri za leza. Santuri hizo zilikuwa na nafasi ya sauti zaidi ya moja, na Ronald Haver, mtunzaji wa filamu katika jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles, akaijaza nafasi iliyobaki kwa kusimulia habari za filamu hiyo. Kutengenezwa kwake ni habari inayostahili kusimuliwa: sokwe yule wa kutisha, katika sehemu kubwa ya filamu, alikuwa sanamu isiyofika hata kiuno cha mtu, yenye mifupa ya chuma na manyoya ya sungura. Mafundi waliisogeza kidogo kidogo na kuipiga picha moja moja, na sekunde moja ya mwendo ilihitaji picha 24.

Kati ya sherehe tulizozisikia, tunayoipenda kuliko zote ni ya Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago, iliyotoka mwaka 2001 juu ya Citizen Kane, filamu ya Orson Welles. Ebert hakuwa na mkono katika kuitengeneza. Filamu ilitoka mwaka 1941, naye alizaliwa mwaka uliofuata. Lakini aliitazama na wanafunzi mara nyingi, wakiisimamisha kila penye swali. Katika sherehe yake anatutaka tuinue macho tuzitazame dari. Wakati ule vyumba vya kupigia sinema aghalabu vilijengwa bila dari, kwa kuwa juu ndiko zilikoning'inizwa taa na vinasa sauti. Welles na mpiga picha wake, Gregg Toland, waliweka dari za kitambaa, na vinasa sauti vikafichwa nyuma yake. Sisi tuliofundishwa kuhesabu mizani na kutafuta vina tulijiona tuko kwetu. Mwalimu hodari wa ushairi hamwambii mwanafunzi kwamba shairi ni zuri; humwonyesha mahali pa kutazama, kisha hunyamaza.

Wala isidhaniwe kwamba kusema juu ya picha ni jambo geni katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika. Maelezo yalirekodiwa katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, yakapigwa sambamba na picha. Lugha ilikuwa yetu, lakini shabaha ilipangwa na mtawala. Miaka mingi baadaye, katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, walitokea wafasiri wa filamu, na jina la Lufufu likavuma miongoni mwao. Hao walizichukua filamu za kigeni wakazisimulia kwa Kiswahili, wakiongeza chumvi, mzaha na mafumbo ya mtaani. Wapo waliowadharau. Sisi tunaona kwamba waliirithi kazi ya mtambaji wa hadithi: kisa ni cha mwingine, ulimi ni wake.

Huko Uganda jambo hili limefika mbali zaidi. Filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, inajulikana ulimwenguni ikiwa na sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake. Watazamaji wa mbali hawaijui filamu hiyo bila ya sauti hiyo. Maelezo yamekuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Lakini filamu zetu za zamani nani atazisherehesha? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia pamoja na maelezo ya visa vyake kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor katika karne ya 19. Bila ya kazi hiyo, beti nyingi zingekuwa mafumbo matupu. Filamu nazo zina visa vyake. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inazungumzia uganga wa jadi. Kijana wa leo atakayeitazama atakuwa na mengi ya kuuliza.

Mtaani kwetu yupo mzee aliyekuwa fundi wa taa katika filamu za mafunzo miaka ya 1970. Tulimwekea filamu moja ya kilimo cha pamba. Mama mmoja anapita na furushi kichwani, na picha inatikisika. Mtazamaji atadhani ni uzembe wa fundi. Mzee akacheka, akasema, "Huyo hakuwa mchezaji. Shamba ni lake. Alikataa kurudia, jua lilikuwa linazama na wanawe wanamngoja. Mpiga picha ilibidi amkimbilie." Tangu siku hiyo tunaiona picha ile kwa macho mengine. Mzee sasa ana miaka 84, na majina yameanza kumponyoka. Kila Jumapili alasiri tunaketi naye, filamu ikiwa mbele yetu na simu ikinasa sauti yake.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi kama hii. Haihitaji fedha nyingi. Yahitaji filamu moja, mzee mmoja anayeijua, na kijana mwenye subira ya kusikiliza bila ya kumkatiza. Haifai kungoja mgeni aje kutueleza kwa nini picha yetu inatikisika, hali aliyeishika taa yungali hai.