Kisu, umeme au leza: siku tuliyogombana kwa ajili ya ufizi wa Baba

Baba yetu amesomesha madrasa huko Rangwi, katika milima ya Usambara, tangu sisi wanawe hatujazaliwa. Masika ya mwaka juzi, akienda kusalisha alfajiri, aliteleza kwenye njia ya udongo akaangukia jiwe, na meno mawili ya mbele ya juu yakang'oka. Tulimshukuru Allah kwamba hakuvunjika nyonga. Yeye alikuwa na huzuni ambayo hatukuifikiria: herufi.

Aliyesoma tajwidi anajua kuwa thaa, dhali na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno hayo, na faa hutoka yanapokutana na mdomo wa chini. Baba alipoteza makhraji ya herufi nne kwa siku moja. Watoto wa madrasa wakaiga walichosikia, wakawa wanasoma sini mahali pa thaa. Meno ya bandia ya kuvua nayo yalimcheza kinywani kila alipoinua sauti.

Tukachanga, ndugu watano. Aliyebaki nyumbani aliuza viazi vyake vyote vya msimu. Tukamshusha Baba kwa njia ya Soni hadi Mombo, kisha Dar es Salaam. Daktari alitueleza habari ya kipandikizi: skrubu ndogo ya titani inayozamishwa katika mfupa wa taya, tiba aliyoiasisi Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Lakini kabla ya kuufikia mfupa, sharti ufizi ufunguliwe, na hapo ndipo tulipogombana.

Kaka yetu mkubwa alitaka leza, kwa kuwa ni ya kisasa. Daktari akatufafanulia kwa subira. Kisu hukata bila kuunguza, jeraha hupona vizuri, na ufizi waweza kufunuliwa mfupa ukaonekana kwa macho. Ila damu hutoka zaidi na hapana budi kushona. Leza hupunguza damu, lakini joto lake huunguza kidogo kingo za jeraha, na kupona huweza kuchelewa. Kifaa cha umeme nacho huzuia damu, ila kikigusa titani, joto hupenya hadi mfupani. Na mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika 1 waweza kudhurika. Tena mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo huepushwa nacho. Ya nne ni kutoboa ufizi kwa kikata cha duara: jeraha ni dogo, lakini mfupa hauonekani, na kipande cha ufizi hupotea.

Picha ilionyesha kuwa mfupa wa Baba umekonda. Daktari akashauri kisu.

"Fedha yote hii, kisha Mzee akatwe kwa kisu?" kaka akalalamika.

Baba akamtazama. "Mwanangu, mimi si simu, hata unitafutie toleo jipya. Daktari ameutazama ufizi wangu. Wewe umetazama bei."

Tuliona haya. Tukakumbuka kuwa swali hili si geni kwa umma wetu. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki takriban mwaka 1013, katika kitabu chake Al-Tasrif alieleza tiba ya kuchoma kwa moto na ya kukata kwa chuma, kila moja kwa mahali pake. Humo alieleza pia kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na kuchonga jino la badala kutoka mfupa wa ng'ombe.

Baba alikatwa kwa kisu, akashonwa. Tukangoja miezi mitano mfupa uishike titani, ndipo akawekewa meno.

Jumamosi ya kwanza aliporudi madrasa, nasi tulikuwepo. Hakuanza na somo. Aliwaambia watoto, "Nisameheni. Mwaka mzima nimewasomesha sini, nanyi mkaipokea kwa adabu. Leo tuanze upya." Akaitamka thaa, pole pole, mara tatu. Watoto wakaitikia. Kaka yetu alikuwa amesimama mlangoni. Naye akaitikia pamoja nao.

Wenzetu wenye wazazi, mkifika kwa daktari, msiulize kwanza kipi ni kipya. Ulizeni kipi kinamfaa huyu, na kwa nini. Wabillahi tawfiq.